Mbuzi Wasiochanjwa

Tarehe 4 Agosti
Asubuhi ukungu mzito, baridi ya kuumanisha meno. Jua limetoka baada ya chai.

Profesa mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Baba yako hajambo, ila goti bado linamsumbua na mkongojo hautaki. Anasema mkongojo ni wa wazee. Nikamwambia, "Kaka, meno yenyewe umebakiza ya kuchekea tu, unamficha nani?" Akanuna mpaka chakula kikapoa.

Barua yako imenifikia kwa kuchelewa. Dereva wa kituo aliisahau chini ya kiti, juu yake akaweka tairi la akiba. Usimlaumu sana. Simu yetu ilikufa siku ya radi na haijafufuka, kwa hiyo yeye ndiye simu, ndiye posta, na akiharibikiwa na gari ndiye fundi.

Nimefurahi kusikia umewekwa kwenye kamati ya kupima tafiti za serikali, upi una faida na upi unakula bure. Nilimsomea baba yako kipande hicho. Baadaye alijifanya hakusikia vizuri ili nimsomee tena.

Unauliza kituo chetu kinafanya nini hasa. Mimi ni mhudumu wa mifugo tu, wa kuulizwa ni Daktari, mkuu wetu, lakini nitakueleza ninachokiona. Tuna zizi la mbuzi. Hatuwakamui, hatuwachinji, hatuwauzi. Kila mwezi mimi nawashika, Daktari anawatoa damu, anaipima kutafuta homa ya mafuriko, anaandika "haipo", tunasubiri mwezi mwingine. Wanatunzwa kama maharusi: pumba ya kununua, kwato zinakatwa, macho yanatiwa dawa. Ila chanjo ya homa hiyo hawapati hata tone! Jirani yetu, fundi cherehani, hunitania kila akipita: "Serikali yenu ya ajabu, inampa mbuzi pumba na kumnyima sindano." Nasi tunacheka naye.

Sasa jambo lenyewe. Daktari anaiogopa kamati yenu. Juzi aliniambia, "Mama, wakiniuliza nimezalisha nini miaka yote hii, nitawaonyesha nini? Homa ambayo haikuja?" Wewe ule mwaka wa mafuriko ulikuwa shule ya bweni, hukuona. Mimi niliona nyumba zilizofungwa milango mchana. Ukikuta jina la kituo chetu mezani kwenu, tutetee.

Ni mimi,
Shangazi yako


Tarehe 27 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Na baba pia shikamoo yake. Mwambie nitamletea mkongojo wenye kichwa cha simba, labda huo ataukubali kwa ajili ya sura.

Nina habari, kaa chini kwanza. Mke wangu ana mimba. Ndiyo mwanzo mwanzo, kila harufu inamkera, hata mimi nimehamishiwa sebuleni. Tunakaa ghorofa ya nne, maji yakikatika ni kupandisha ndoo, na kazi hii itanisafirisha kukagua vituo mikoani. Nimefikiria, kabla tumbo halijawa zito, nimlete akae nawe mpaka ajifungue. Amekubali kwa sharti moja: asifanywe mgeni wa kukalishwa kitini.

Kamati yetu inakaa kwenye chumba kisicho na dirisha. Ukutani kuna karatasi kubwa yenye safu tatu: Gharama, Matokeo, Uamuzi. Mwenyekiti ni mhasibu mstaafu, anatafuna karafuu kutwa. Ukianza kumweleza mambo ya elimu anainua kidole: "Kijana, niambie kinachoonekana kwa macho." Watu wa mbegu walileta gunia, wakapita. Watu wa pampu walileta pampu yao, wakaiwasha humo humo, zulia likalowa chapachapa, wakapita vilevile.

Kituo chenu kwenye Gharama kimejaa. Kwenye Matokeo ni peupe. Lakini usiwe na wasiwasi, nimeona mlango. Ulichoniandikia kuhusu mbuzi wenu kimenifaa kuliko unavyodhani. Zaidi ya hapo siwezi kusema, mambo ya kamati ni ya kamati.

Mwanao


Tarehe 12 Septemba
Asubuhi upepo na vumbi. Kamba ya kuanikia imekatika, nguo zote zimefuliwa upya.

Profesa,

Hongera, hongera tena. Baba yako amepata habari ya mimba na ghafla goti limepona, anazunguka mtaa mzima akijitangaza babu. Mlete binti wa watu. Chumba cha uani nimekipaka chokaa.

Ila kuna neno kwenye barua yako limenikosesha raha. Nilichokuandikia kuhusu mbuzi kimekufaa vipi? Nilikuwa natania, na mtu akitania haelezi. Sasa naeleza.

Mbuzi wetu hawachanjwi kwa makusudi. Homa ile huanza kwa mifugo, mbu wanaisambaza baada ya mvua kubwa, ndipo inakuja kwa watu. Mbuzi asiyechanjwa, ugonjwa ukifika, damu yake inabadilika kabla mtu yeyote hajaugua. Daktari akiona hivyo anapiga kelele wilayani: chanjo zilizowekwa akiba zinatoka, machinjio yanafungwa, watu wanaambiwa wasiguse mnyama aliyezaa vibaya. Mbuzi aliyechanjwa damu yake imeshabadilika kwa chanjo. Kila ukimpima anasema ndiyo. Mtu anayejibu ndiyo kwa kila swali atakupa habari gani?

Ndiyo maana nakuomba mzaha wangu usiingie kwenye karatasi za watu. Kama umeshamwambia mtu, mrudie.

Dereva anasema gari linasubiri kifaa kutoka mjini. Barua hii nampa sasa, itaondoka likipona.

Shangazi yako


Tarehe 30 Septemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Bado sijapata jibu lako, nadhani ni Dereva na matairi yake. Sisi wazima. Mke wangu sasa anakula, na anachokula ni udongo wa kichuguu na ndimu, ukimuuliza anasema muulize mwenye tumbo.

Nakuandikia haraka kwa furaha. Kituo chenu hakifungwi! Kimepita, tena kwa sifa. Sehemu ya Matokeo haiko tupu tena. Chanjo inaletwa kwa mbuzi wote wa kituo, na wa majirani watafuata fedha zikipatikana. Mwenyekiti alipiga meza akasema, "Hapo sasa! Sindano ni kitu kinachohesabika." Mwambie Daktari apumue.

Usiseme umesikia kwangu.

Mwanao


Tarehe 26 Oktoba
Asubuhi anga jeupe, joto tangu alfajiri. Siafu wamehama, wamepita jikoni na mizigo yao.

Profesa mwanangu,

Baba yako anakusalimu. Anataka kujua kama simba wa mkongojo ana meno.

Chanjo ilifika kabla ya barua yako. Walikuja vijana wawili na sanduku la barafu, na bwana mmoja mwenye kamera. Nilijua gari la barua yangu ya Septemba lilikuwa bado limelala gereji, nikajua hukuisoma.

Nilimfuata Daktari nyuma ya maabara. Nikamwambia, "Daktari, tukiwachanja hawa, nani atatuambia homa ikija?"

Akasema, "Na wakitufunga, mama, nani atatuambia?"

"Waeleze basi. Wewe ndiye msomi."

"Niliwaandikia mwaka juzi. Niliwaandikia mwaka jana. Mwaka huu wameleta kamera." Akavua miwani akaifuta, na haikuwa chafu. "Nikikataa, wataandika mkuu wa kituo amekataa chanjo ya serikali. Nikikubali, tunabaki wazi. Mwakani nitaomba mbuzi wapya."

"Na vitoto vitakavyozaliwa?"

"Vinanyonya kinga kwa mama zao. Navyo vitanidanganya mpaka mvua ipite."

Basi niliwashika mmoja mmoja, kama siku zote. Walisimama wametulia, wananiamini. Yule bwana akaniambia, "Mama, tabasamu kidogo." Fundi cherehani alikuwa ameegemea uzio, akasema, "Hatimaye serikali imepata akili!" Nikamshika mbuzi aliyefuata.

Nina swali moja, nijibu kama unavyomjibu shangazi, usinijibu kama kamati. Nani alipendekeza?

Shangazi yako


Tarehe 20 Novemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua hii inaletwa na mke wangu mwenyewe, kwa hiyo ukiisoma ujue yuko mbele yako na amechoka. Alitakiwa aje mwezi ujao, lakini nimepangiwa safari ndefu na maji hapa yamekatika wiki nzima. Mzigo wake mkubwa ni nguo za mtoto. Mdogo ni wa ndimu.

Barua zako zote mbili nimezipata, ya Septemba na ya Oktoba, siku moja, zimefungwa kwa mpira.

Unauliza nani alipendekeza. Shangazi, kamati ni kama sufuria. Ikishakorogwa hujui chumvi aliitia nani. Nilijaribu kumuuliza mwenyekiti wakati wa chai, jambo lisilotokea kwa sababu watu walikuwa macho, thamani yake inaandikwa safu ya ngapi? Alitafuna karafuu yake akasema, "Kijana, hata mimi sijaliwa na simba mwaka huu. Nimlipe nani?" Watu wote mezani wakacheka. Na mimi nilicheka.

Tena homa hiyo haijaonekana miaka mingi. Usijitie presha. Msimu mmoja si kitu.

Nitunzie mwenzangu.

Mwanao


Tarehe 5 Januari
Asubuhi mvua. Jana mvua. Yadi ya kituo imekuwa bwawa, vyura wanalia mchana.

Profesa,

Nimechelewa kukuandikia. Mvua imekuja mapema, na imekuja kama inayodai. Daraja la chini limefunikwa. Dereva anavuka kwa kamba, gari analiacha ng'ambo.

Mkeo hajambo. Anakula, anacheka, tumbo linamtangulia mlangoni. Baba yako amempenda kuliko alivyowahi kukupenda wewe, wanacheza karata mchana kutwa na anamruhusu amshinde. Alikataa kweli kukalishwa kitini. Anachambua mboga, anafagia, na akiniona nashona kifungo ananinyang'anya.

Kituoni tumetoa damu kama kawaida. Mbuzi wote wamesema ndiyo. Mwezi uliopita wote walisema ndiyo. Daktari anaangalia majibu, anayafunika, anatoka kusimama mlangoni kuangalia mbu walivyojaa juu ya maji. Mbuzi wa fundi cherehani ametupa mimba. Daktari anasema mbuzi mmoja si ushahidi, anaweza kuwa ameanguka, anaweza kuwa amekula jani baya, na dawa ya kupimia anapewa kwa hesabu ya mbuzi wa kituo tu. Ameandika wilayani kuomba chanjo za akiba zitolewe. Wamejibu kwamba kituo chenye mbuzi wenye afya nzuri namna ile kinaombaje chanjo.

Umesema kuhusu sufuria. Mimi nimepika maisha yangu yote. Aliyetia chumvi huwa anajua.

Nataka utafute njia umrudishe mkeo mjini. Ghorofa ya nne si mbali sana, na ndoo za maji zina wapandishaji. Usiniulize zaidi. Barabara ikipitika tu, mtume mtu.

Shangazi yako


Tarehe 24 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata nikiwa safarini, mkoa mwingine kabisa, imezungushwa ofisi tatu. Nimepiga simu wilayani kwenu, wanasema barabara haipitiki na hakuna tatizo lolote lililoripotiwa. Nikauliza lingeripotiwa na nani. Wakakata simu.

Kwa nini unataka nimrudishe na husemi sababu? Shangazi wewe hujawahi kunificha kitu. Hata siku mama alipofariki ni wewe uliyekuja shuleni ukaniambia pale pale uwanjani.

Ni mimi niliyependekeza. Nilikaa na barua yako ya Agosti mfukoni, nikasimama nikasema: mbuzi wa serikali hawajachanjwa, huu ni uzembe wa kutibika kwa bei ndogo, tuwape chanjo tupate matokeo. Mwenyekiti alinipiga bega. Nilidhani nimewaokoa. Nilipokuja kusoma maelezo yako ningeweza kurudi chumbani nikasema nimekosea. Siku hiyo walikuwa wananipongeza, wameshaniongezea cheo, na picha yako umeshika mbuzi imewekwa kwenye jalada la ripoti. Nikaikunja barua.

Mwambie mke wangu aniandikie kwa mkono wake mwenyewe. Hata mstari mmoja. Ninaondoka huku wiki hii, nitakaa mjini nikisubiri barabara.

Mwanao


Tarehe 9 Februari
Asubuhi manyunyu, halafu jua kali, halafu manyunyu. Mvuke unapanda ardhini.

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Baba yako yupo, hachezi karata tena, amekaa kizingitini na hataki kuingia wala kutoka.

Umesema sijawahi kukuficha kitu. Nilikuficha Januari. Mkeo alikwenda kwa fundi cherehani kupanua gauni, tumbo lilikuwa limelikataa. Akakuta mbuzi wa fundi anahangaika kuzaa na fundi mgongo wake haukunjiki. Mkeo akapandisha mikono ya gauni, akachuchumaa, akakivuta kitoto kwa mikono yake mitupu. Kilikuwa kimekufa. Alirudi nyumbani ana damu mpaka viwikoni, anasikitika: "Shangazi, maskini, kalikuwa na manyoya tayari." Nilimwosha kwa sabuni na majivu, nikamwosha tena. Akaniuliza, "Mbona unanisugua kama sufuria?" Nikasema damu ya mbuzi inanuka.

Nilijiambia mbuzi mmoja si ushahidi. Nilijiambia kama anavyosema Daktari, maana nilitaka iwe hivyo. Sasa zizi la fundi mbuzi wote wametupa mimba, na la jirani yake, na la ng'ambo ya kisima. Fundi mwenyewe ana homa. Watu wanatupa vizao mtaroni, mbwa wanavikokota. Mbuzi wetu wa kituo wananenepa. Hawajawahi kupendeza hivi.

Mkeo ameanza joto juzi. Anasema macho yanamuuma akitazama mwangaza, nimeziba dirisha kwa kanga. Mgongo unamuuma. Mtoto anacheza, nimeweka mkono wangu mwenyewe nikasikia.

Leo nilimwita Daktari. Alisimama mlangoni kwanza, akasema, "Mimi ni wa mifugo, mama." Nikamwambia, "Hospitali iko ng'ambo ya mto. Wewe uko hapa." Akaingia. Akamfunga mpira mkononi kwa upole, akamwomba samahani, akatoa damu. Mkeo akamtania, "Daktari, na mimi utanipa pumba?" Daktari alijaribu kucheka.

Nje alishika ile chupa ndogo akaitazama kwenye mwanga. Akasema, "Hii ndiyo damu ya kwanza mwaka huu inayoweza kunijibu."

Akajifungia maabara. Nilisubiri kwenye ngazi. Alipotoka alinipita. Alikwenda bombani akanawa mikono, akanawa sana, maji yakamwishia akabaki amelishika bomba. Kisha akaniuliza mimba ni ya mwezi wa ngapi. Nikasema wa nane. Akasema, "Mwandikie mume wake aje."

Kwa hiyo nakuandikia. Njoo. Usisubiri barabara. Daktari naye ameandika wilayani, safari hii bila neno "pengine", na Dereva atazibeba barua zote mbili kichwani akivuka. Mwambie mwenyekiti wako. Mwambie kwa mdomo, mbele ya watu, kwamba sasa kinaonekana kwa macho. Halafu njoo.

Mkeo alitaka kukuandikia mstari wake. Nilimpa kalamu, akaishika kidogo akairudisha, akasema nimwandikie mimi: anasema jina la mtoto usimpe mpaka ufike.

Naongeza asubuhi. Tarehe 10. Mawingu, hakuna upepo kabisa. Dereva anafunga kamba kiunoni, ananisubiri nimalize. Usiku mkeo aliomba maji, akaniuliza kama mbuzi wa fundi amepona. Nikamwambia amepona. Joto halijashuka. Nililala saa kumi na robo.

Shangazi yako